Wanaokwenda Guangzhou wakatazame na bustani zake

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi, na habari za China ninazozikuta humo huangukia zaidi katika mafungu mawili: ama ni mikopo, reli na mikataba, ama ni malalamiko ya wananchi kuhusu bidhaa zisizodumu. Sina ugomvi na habari hizo, kwa kuwa zinatuhusu. Hata hivyo, Watanzania wengi wameshafika Guangzhou na kurudi, na ukiwauliza mji wenyewe ukoje watakutajia bei ya jumla ya vipuri, simu na mashuka, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nilikwenda huko bila shughuli ya biashara, pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu aliyekwisha kuvuka miaka sabini, kumtembelea shemeji yangu ambaye yeye na mkewe wanaishi huko kwa kazi ya usafirishaji wa mizigo. Anayetembea na mama mtu mzima upande mmoja na mtoto upande wa pili hawezi kuuona mji kama auonavyo mfanyabiashara anayekimbizana na tarehe ya meli. Kila baada ya hatua chache atahitaji kiti, kivuli, choo, au mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia bila kugongwa. Kwa mahitaji hayo madogo niliyaona mambo ambayo naomba nafasi ya kuyaeleza.

Guangzhou ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, kando ya Mto Zhujiang. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo zaidi ya watu milioni 18. Wafanyabiashara wetu wanaufahamu mji huo kwa maonyesho yake makubwa ya bidhaa, ambayo yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1957, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika. Kuna mnara wenye urefu wa mita 600, nasi tuliutazama usiku kutoka ng'ambo ya mto, taa zake zikibadilika rangi, bila kukata tiketi ya kupanda, na kwa maoni yangu mtu asipoupanda hakosi kitu kikubwa.

Mahali tulipozoea kurudi ni Bustani ya Yuexiu, katikati ya mji, ambayo haina kiingilio. Watalii huenda huko kupiga picha kwenye sanamu ya mawe ya mbuzi watano, ambao kwa hadithi za wenyeji waliwaletea watu wa kale masuke ya mpunga ili wasife njaa. Sisi tulipiga picha yetu kama wengine, lakini kilichotuweka pale ni wenyeji wenyewe. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, wazee wanakuwa wameshaigawana bustani nzima bila kelele wala tangazo. Wapo wanaofanya mazoezi ya taratibu ya kunyoosha viungo, wapo wanaocheza sataranji ya Kichina huku wenzao wamewazunguka na kuwafundisha bila kuombwa, kama ilivyo kwenye vijiwe vyetu vya bao, na wapo wanaoimba nyimbo za kale chini ya kibanda, mmoja akipiga zeze la nyuzi mbili. Wapo pia wanaume kwa wanawake, wengine wenye mvi kichwa kizima, ambao husimama katika duara na kupiga danadana kwa kitu chenye manyoya ya ndege na kitako kizito kidogo. Wanakirusha kwa kisigino, kwa goti, wakati mwingine kwa mguu uliopitishwa nyuma ya mgongo. Mwanangu wa kiume, anayejiona bingwa wa danadana mtaani kwetu, alikaribishwa ndani ya duara na akashindwa na bibi mmoja ambaye naamini ana wajukuu wakubwa kuliko yeye.

Penye njia iliyosakafiwa kwa mawe tulimkuta mzee akiandika kwa maji. Alikuwa na brashi yenye mpini mrefu kama wa fagio na ndoo ndogo pembeni, akiandika maneno ya Kichina makubwa kama sahani, moja baada ya jingine, kwa mkono uliotulia kabisa. Alipofika neno la tano au la sita, la kwanza lilikuwa limeshaanza kukauka na kupotea. Watoto walimtazama mpaka akawapa brashi. Binti yangu akaandika jina lake, na yule mzee akalitazama kwa makini, akachukua brashi na kuliandika tena chini yake kwa herufi zetu, vizuri kuliko mwenye jina. Hakuuza kitu wala hakuomba kitu.

Jioni uwanja unahamia mikononi mwa akina mama. Wanakuja na spika yenye magurudumu, wanajipanga mistari, na wanacheza kwa hatua zinazofanana, kwa saa nzima au zaidi, baada ya chakula cha usiku. Michezo hii ipo China nzima na si kila mtu anaipenda. Majirani waliochoshwa na muziki wamelalamika kwa miaka mingi, na sheria ya kuzuia uchafuzi wa kelele iliyoanza kutumika Juni 2022 iligusa hata burudani za aina hiyo katika viwanja vya umma. Katika uwanja uliokuwa karibu na nyumba ya shemeji, muziki ulizimwa kabla watoto hawajaanza kulala. Mama mkwe wangu aliketi kwenye benchi jioni ya kwanza akiwa amejitanda khanga yake, akasema watu wazima kucheza hadharani namna ile ni vioja. Jioni iliyofuata mama mmoja alikuja kumshika mkono, na hakuwa na neno la kumweleza wala mama hakuwa na neno la kukataa, basi akaenda. Baada ya hapo ndiye aliyekuwa akitukumbusha kwamba saa imefika.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu halitokei kwa bahati. Mpaka juzi, wanawake wa viwandani nchini humo walistaafu wakiwa na miaka 50, wa ofisini 55 na wanaume 60. Ni kuanzia Januari 2025 ndipo umri huo ulipoanza kupandishwa kidogo kidogo. Kwa hiyo mji umejaa wastaafu wenye nguvu zao. Lakini wastaafu wenye nguvu hata sisi tunao. Kinachowatoa wa Guangzhou nje ni kwamba huko nje kuna mahali pa kwenda: benchi haziko mbali, usiku kuna taa, vyoo vya umma havilipiwi (ingawa inafaa mtu atembee na karatasi yake, na mwenye magoti mabaya ajue kwamba vingi ni vya kuchuchumaa), na wafagiaji huanza kazi kabla ya alfajiri. Wakazi waliotimiza miaka 65 hupanda mabasi na treni za mji bila nauli, basi mzee anaweza kuamka, akavuka nusu ya mji, akashinda bustanini na rafiki zake, akarudi jioni bila kutoa hata senti moja na bila mtu kumwuliza anafanya nini pale.

Vivuli navyo vina historia yake. Mitaa ya zamani ina miti mikubwa ya jamii ya mikuyu, yenye mizizi inayoning'inia kutoka matawini, na kwa joto la kule, ambalo mtu wa Dar es Salaam atalitambua mara moja, mti wa aina hiyo una faida kuliko kiyoyozi. Mji ulipoikata na kuihamisha mingi kwa jina la kuboresha mandhari, wakazi walinung'unika sana, na mwishoni mwa mwaka 2021 serikali kuu ikawaadhibu viongozi wakuu wa jiji hilo kwa sababu ya miti hiyo. Nilipoelezwa nilimwomba shemeji arudie, maana mimi natoka mahali ambapo mwembe wa miaka themanini hukatwa Jumamosi ili duka lionekane vizuri barabarani, na Jumatatu hakuna anayeulizwa.

Chai ya asubuhi nayo ni sehemu ya maisha hayo. Watu wa Guangzhou huiita chai, lakini ni mlo wa saa mbili au tatu, na wanaoushiriki ni ukoo mzima, kuanzia babu hadi kitukuu. Sisi kama Waislamu tulipelekwa kwenye mgahawa wa Wachina wa kabila la Wahui, ambao ni Waislamu pia, tukala vitafunwa vya kamba na vya nyama ya ng'ombe vilivyopikwa kwa mvuke katika vikapu vidogo vya mianzi. Kabla ya kula, kila mtu husuuza bakuli, kikombe na vijiti vyake kwa chai ya moto ya kwanza, kisha maji hayo humwagwa katika bakuli kubwa lililowekwa mezani kwa kazi hiyo. Anayemiminiwa chai hashukuru kwa maneno. Hugonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili, desturi ambayo husimuliwa kwamba ilianzia kwa watumishi wa mfalme aliyesafiri kwa kujificha, wasioweza kumpigia magoti hadharani, wakainamisha vidole badala ya miili. Birika likiisha maji, unalegeza kifuniko chake na kukiweka upande, na mhudumu anakuja bila kuitwa. Watoto walijifunza yote hayo kwa asubuhi moja, na mpaka leo hugonga meza nikiwapa uji. Utafurahi pia kusikia, Mhariri, kwamba katika meza za pembeni walikuwapo wazee waliokuwa wakisoma magazeti ya karatasi, ukurasa kwa ukurasa, wala hakuna aliyewaharakisha kutoa nafasi.

Saa ya mchana shule za msingi zinapofunguliwa milango, wanaosimama nje kungoja ni babu na bibi. Mtoto anatoka na skafu nyekundu shingoni, babu anachukua begi, bibi anatoa chupa ya maji ya moto, kwani watu wa huko hunywa maji ya moto hata katika joto, na vituo vya treni vina bomba za maji hayo kwa ajili ya abiria. Kwa miongo mitatu na zaidi, hadi mwisho wa mwaka 2015, familia nyingi za mijini ziliruhusiwa mtoto mmoja tu, na matokeo yake bado yanaonekana langoni pale: mtoto mmoja anaweza kuwa na wazee wanne wanaomtazama yeye peke yake. Mapenzi hayo yana uzito wake. Mitihani ya kuingia chuo kikuu, inayoanza Juni 7 kila mwaka, hunyamazisha hata magari yanayopita karibu na vituo vya mtihani, na ingawa serikali ilipiga marufuku mwaka 2021 biashara ya masomo ya ziada katika masomo makuu ya elimu ya lazima, bado nilimwona mtoto wa jirani wa shemeji, wa rika la binti yangu, akiinamia daftari saa ambazo wangu alikuwa ameshalala. Wazazi wetu wanaosifu nidhamu ya Wachina wajue kwamba sifa hiyo inalipiwa na watoto.

Kuhusu usafiri, ambao wengi wataniuliza, nitasema machache. Treni za chini ya ardhi zilianza mwaka 1997 na sasa zinafika karibu kila pembe ya mji; nauli ya chini ni yuani 2, ambayo haifiki shilingi elfu moja, na kila begi hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, hata mkoba wa mama mwenye tasbihi na miwani tu. Jambo ambalo halitajwi kwetu ni kwamba Guangzhou ina mfumo wa mabasi ya mwendokasi kama wa Dar es Salaam, uliofunguliwa Februari 2010 katika Barabara ya Zhongshan, kwa urefu wa takriban kilomita 22. Njia yetu ya kwanza, iliyoanza 2016 kati ya Kimara na katikati ya mji, inakaribia urefu huohuo. Tofauti niliyoiona imo katika mpangilio wa njia. Kule basi linatoka mtaani kwako, linaingia katika njia maalumu, linapita msongamano, kisha linatoka tena na kukufikisha mtaa mwingine bila wewe kushuka. Kwetu njia kuu ina mabasi yake, na anayetoka mtaani hana budi kuletwa kituoni na gari jingine ndipo apande. Kwa kijana hilo ni usumbufu mdogo, lakini kwa mtu mwenye miaka sabini na mkongojo, kushuka na kupanda ndiko kunakoamua kama atatoka nyumbani siku hiyo au hatatoka.

Nisingependa mtu afikiri kwamba ninauchora mji usio na kasoro. Kila kitu huko hulipwa kwa simu, hata miwa ya kukamua na viazi vitamu vya kuchoma vya mkokoteni, ambao mwenye nao ametundika shingoni karatasi ya alama ya kuskani. Sisi wa lipa namba tunaelewa haraka, na tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya benki na programu za malipo za huko, lakini mama mkwe wangu, mwenye noti mkononi, alijikuta hana uwezo wa kununua chungwa mpaka mmoja wetu awepo, kwa kuwa muuzaji hakuwa na chenji. Intaneti ya kule haifungui WhatsApp wala Google, hivyo jamaa waliobaki nyumbani hudhani umepatwa na jambo. Mgeni anayelala katika nyumba ya mtu anapaswa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. Pikipiki za umeme hupita hata kwenye njia za waendao kwa miguu, hazina sauti, na wanaoziendesha, vijana wenye sare za manjano na za buluu wanaosambaza chakula, wanakimbizana na dakika walizopangiwa kwenye simu. Wengi wao wametoka vijijini, na utaratibu wa kuandikishwa ukazi unaomfunga mtu na alikozaliwa umewafanya wengi wawaache watoto kwa bibi kijijini, kwa kuwa kuwapatia nafasi katika shule za mjini ni vigumu. Kwa hiyo ile picha ya babu na begi la mjukuu langoni ina upande wake wa pili, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Na upo mtaa wa Xiaobei, wenye Waafrika wengi, ambako ukipanda ngazi unasikia Kiswahili cha Kariakoo, Kilingala na Kifaransa cha Bamako kabla hujasikia Kichina. Wauza duka wa Kichina hapo wanajua kutaja bei kwa Kiswahili na kukuita rafiki, na baada ya chakula cha mchana utawakuta wamefungua vitanda vyembamba vya kukunja kati ya marobota ya nguo na kulala fofofo, mteja asubiri. Siku ya Ijumaa tulisali katika msikiti ulio penye kaburi ambalo kwa mapokeo ya Waislamu wa China ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ingawa wanahistoria wengi hawaafiki. Wachina, Waarabu na Waafrika walipanga safu moja, na nje wachomaji wa mishikaki walikuwa tayari. Lakini katika mtaa huo na jirani zake, Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walitolewa majumbani na hotelini wakalala barabarani, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika wakapeleka malalamiko yao kwa serikali ya China. Waliokuwapo hawajasahau, na baadhi yao waliondoka moja kwa moja. Yule mama aliyemshika mkono mama mkwe wangu na yule mwenye nyumba aliyemfungia mlango mpangaji wake ni watu wa mji mmoja, na mimi sijaribu kuwapatanisha hapa.

Ninachokusudia ni kidogo zaidi. Madiwani na maofisa wetu husafiri kwenda miji ya namna hiyo kujifunza, na ripoti zao, tunapobahatika kuzisikia, huwa za madaraja, masoko na teknolojia. Nawaomba wanaofuata wamwombe mwenyeji wao awapeleke bustanini saa kumi na mbili asubuhi na tena saa mbili usiku, waulize benchi hununuliwa kwa fungu gani, nani hulipa umeme wa taa, wafagiaji ni wangapi kwa bustani moja, na sheria gani inamzuia mtu kujenga baa katikati ya uwanja. Hayo hayahitaji mkopo wa nje. Ramani za mipango miji za Dar es Salaam, Mwanza na Arusha zilitenga viwanja vya wazi, na wakazi wa zamani wa kila mtaa wanaweza kukuonyesha palipokuwa uwanja wa watoto na palipo ukumbi wa harusi leo.

Kwa upande wako, Mhariri, nakuomba gazeti lichapishe, kata kwa kata, orodha ya viwanja vya wazi vilivyomo katika ramani hizo pamoja na jina la taasisi au mtu anayevitumia sasa. Mtaani kwetu vilikuwa viwili, na niko tayari kuwaonyesha waandishi wako mipaka yake siku yoyote watakayopanga.

Wako katika kusoma na kuandika,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Tabata, Dar es Salaam